Mkono unaoijua senetwet

Kericho na Bomet zimejulikana duniani kwa majani chai, lakini kwenye nyua za Wakipsigis, pembeni kabisa mwa mashamba hayo, husimama mmea ambao hauuzwi mnadani. Ni senetwet, kichaka kinachompita mtu urefu, chenye maua ya manjano na matumba meusi yaliyosimama wima kama mishumaa. Wanasayansi wanaiita Senna didymobotrya. Ukilisugua jani lake, harufu nzito hubaki kiganjani.

Upande wa Litein nilimtazama kogo mmoja, bibi mwenye vidole vikavu na jicho kali, akichagua tawi la kupata kaa la mursik, maziwa yanayogandishwa kibuyuni. Bichi aliliacha, lililotobolewa na wadudu akalitupa. Alilolitaka lilikuwa gumu, nene kuliko kidole gumba. Alilibambua gome kwa kisu, akivuta kuelekea nje bila kuujeruhi mti wa ndani, kisha akaliweka juu ya meko likauke taratibu kwa moshi na joto. Hapo hakuna njia ya mkato: mti mbichi hutoa moshi tu, haumpi mtu kaa safi.

Kibuyu, yaani sotet, kilikuwa kimeoshwa kwa maji moto na kusuguliwa kwa sosiot, ufito wa mkindu wenye ncha iliyopondwapondwa hadi ikawa nyuzi. Alikiinamisha kikauke. Kabla ya kuendelea alikinusa ndani, akanyamaza, akanusa tena. Harufu ya maziwa ya zamani ikibaki, kazi huanza upya.

Kisha moto. Tawi liliwaka, ndimi zikafa, likabaki kaa jekundu mpaka kiini. Alilipuliza jivu, akadondosha kipande kibuyuni na papo hapo akaanza kukiponda kwa sosiot. Mkono wa kulia unasaga, wa kushoto unazungusha kibuyu kidogo kidogo, na mlio unabadilika: kwanza mkwaruzo, halafu msuguano laini, mwishoni karibu kimya. Anausikiliza mlio huo, maana ndani haoni. Kaa linakuwa unga mweusi unaoshika ukuta, kuanzia kitakoni hadi shingoni. Akaongeza kipande, akasaga tena, kisha akakipindua kibuyu na kukigonga ili unga uliozidi umwagike. Aliporidhika, sikuona bonge hata moja mdomoni mwa kibuyu.

Maziwa yaliyochemshwa na kupoa yaliingia polepole, kibuyu kikafunikwa na kuwekwa mahali penye ubaridi. Baada ya siku kadhaa, wakati mwingine majuma, hutikiswa na kumiminwa mursik yenye rangi ya kijivu inayoelekea buluu. Kaa la senetwet huipa ladha na husaidia maziwa yasiharibike. Ndiyo mursik inayowalaki wanariadha wetu uwanja wa ndege warudipo na medali.

Kichaka hichohicho ni dawa, na hapa ndipo ninapomstahi kogo zaidi. Majani yaliyopondwa hupakwa penye choa. Mizizi huchemshwa kwa tumbo lililofunga na kwa homa. Kogo huchimba upande mmoja tu, kisha huurudishia udongo ili kichaka kiendelee kuishi. Huosha, hukatakata, huchemsha, huchuja, kisha hupima kiasi kidogo sana kikombeni na kungoja aone mwili unajibu nini. Jamii hii ya mimea ina kemikali zinazoyasukuma matumbo. Vidonge vya sena vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa hutokana na ndugu yake. Ikizidi, senetwet hutapisha, huharisha na inaweza kuua. Kwa hiyo mjamzito na mtoto mdogo hawapi kabisa, na homa isiyoshuka huielekeza hospitali bila kubishana. Ustadi wake mkubwa, kwa maoni yangu, uko katika kile anachokataa kumpa mtu.

Basi wewe unayeng'oa ua upanue shamba la chai, bakiza senetwet moja mpakani. Na kama kogo wako yu hai, kaa karibu naye anapoponda kaa, umuulize kipimo. Usiichemshe mizizi hiyo kwa kukisia.