Kiinimacho Mezani: Uongo, Imani na Haki

Mwenye macho haambiwi tazama, wasema wahenga. Methali hii hupungukiwa nguvu mbele ya meza ya mchezo wa kuigiza kwa maneno, maana hapo hapana mwenye macho. Watu wanne au watano huketi pamoja. Mmoja wao, msimamizi, husimulia nchi, mapango na viumbe. Wengine, kila mmoja akiwa amevaa nafsi ya mhusika wake, husema watendalo. Na dadu huamua lile ambalo ulimi hauwezi kuliamua. Ukuta wa kweli wa ngome hujengwa kwa maneno, na ukuta wa uongo hujengwa kwa maneno yayo hayo. Ndiyo sababu uchawi wa kiinimacho ni mgumu kuliko uchawi mwingine wa michezo hii. Moto wa mchawi huunguza kwa hesabu ya dadu, na hesabu haibishwi. Kazi ya kiinimacho ni kuaminiwa, na imani haina hesabu.

Mchezo ulio mama wa aina hii, Dungeons & Dragons, ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa Marekani mwaka 1974. Tangu vitabu vyake vya kwanza ulikuwamo uchawi wa kuonyesha njozi, na kanuni yake ilikuwa fupi na ya kijasiri: anayeiamini njozi, madhara yake kwake ni ya kweli. Mwaka 1975 Peter Aronson alitoa katika jarida la The Strategic Review tabaka zima la wachawi wa kiinimacho, na mwaka 1978 tabaka hilo likaingia katika kitabu cha wachezaji.

Kanuni ya 1974 ina uzuri wa ushairi. Ndani yake mna ukweli ambao kila mtu aliyewahi kukimbia kivuli usiku anaujua: hofu huumiza hata ikiwa sababu yake haipo. Lakini uzuri huo una deni, na mlipaji ni mchezaji. Nani ataamua kwamba askari wa mlangoni ameamini? Msimamizi. Naye ndiye mtu asiyeweza kudanganywa kabisa, kwa kuwa huambiwa uongo wenyewe kabla askari hajauona. Kitabu cha 1978 kilijaribu kutafuta dawa: asiyeamini alipewa nafasi ya kutupa dadu ajiokoe, na akifaulu na kuwajulisha wenzake, nao walipata wepesi. Dawa hiyo ilikuwa na sumu yake. Ilimfungulia mchezaji mwerevu mlango wa kutamka "siamini" mbele ya kila joka na kila shimo, bila sababu yoyote ila desturi. Imani ikigeuka tamko la mdomo, kiinimacho kimekwisha kufa.

Vitabu vya mwaka 2014 vilishika njia ya tahadhari. Viliweka wazi tofauti ya namna mbili. Ya kwanza ni picha iliyo hewani, ionekanayo na wote. Atakayeigusa huigundua, kwa kuwa mkono hupenya. Na atakayetaka kuichunguza hana budi kutumia tendo lake la zamu ile na kutupa dadu kupima akili yake. Ya pili ni njozi iliyo katika akili ya mtu mmoja. Huyo hujitafutia mwenyewe sababu za mambo yasiyopatana. Hata akianguka kutoka daraja lisilokuwapo, husadiki kwamba aliteleza au alisukumwa na upepo. Njozi hii ya pili bado huumiza, ila kwa kipimo cha dadu moja. Mgawanyo huu umepunguza ushairi, lakini umeongeza haki, kwani mchezaji ajua mapema anunue nini na kwa bei gani.

Hata hivyo kanuni njema haimfanyi mtu kuwa stadi. Chukua picha isiyo na sauti, uchawi wa daraja la kwanza, ambayo haizidi mchemraba wa futi 15 kila upande na hudumu dakika 10 kwa kadiri mchawi anavyokaza nia. Mchezaji mwenye papara huumba joka katika ujia wa ngome. Joka hilo halingurumi, halitoi joto, halina harufu. Mshale wa kwanza hulipenya, na shauri limekwisha. Mwenye busara huumba kipande cha ukuta mbele ya mlango ambamo wenzake wamejificha. Askari ameona kuta maisha yake yote, na hakuna anayepita akipapasa kila ukuta. Joka humwomba mtazamaji aamini jambo geni. Ukuta humwomba tu aendelee kuamini alilokwisha kuamini. Stadi mwingine huumba ukungu. Mkono ukiupenya haukanushi kitu, kwa maana mkono hupenya ukungu wa kweli vilevile.

Njia ya mwongo ni fupi, na mwana wa kiinimacho afaidi ufupi huo badala ya kuulalamikia. Katika vita zamu ni kama sekunde 6. Adui aliyetumia tendo lake kuchunguza jiwe lisilokuwapo hakupiga upanga zamu ile, na kiinimacho kimekwisha lipa gharama yake hata kikigunduliwa. Anayetaka uongo wake udumu mpaka asubuhi hudai mengi. Anayetaka udumu mpaka wenzake wavuke ua hupata.

Lakini ustadi wote huu ni bure pasipo msimamizi mwadilifu. Wako wasimamizi ambao askari wao wote huwa wanafalsafa mara tu mchezaji anapotamka kiinimacho; aliyekuwa akisinzia mlangoni huamka ghafula na kurusha jiwe ili ajaribu ukuta. Wako wengine ambao huachia kila uongo upite, hata mchezo ukakosa ladha kwa kukosa hatari. Wa kwanza hunyang'anya, wa pili hudekeza, na wote wawili wamesahau swali moja la kuuliza: askari huyu, kwa ayaonayo na ayajuayo, ana sababu gani ya kushuku? Asiyekuwa na sababu, na apite. Aliye nayo, dadu iamue. Kujisahaulisha kwa makusudi jambo ulijualo, ili mwingine atendewe haki, ni tabia ngumu hata nje ya mchezo.

Kitabu cha 2014 kina jambo jingine ambalo wachezaji wengi hawalifikii. Mchawi aliyebobea katika kiinimacho, afikapo ngazi ya 14, hupewa uwezo wa kukifanya kitu kimoja kisicho na uhai katika njozi yake kuwa cha kweli kwa dakika 1, ila kitu hicho hakiwezi kumdhuru mtu. Daraja la uongo juu ya korongo huwa daraja, na wenzake huvuka. Kanuni ya 1974 iliupa uongo ulioaminiwa nguvu ya kuua. Hii imeupa nguvu ya kuvusha, na kuinyima ile ya kuua. Baina ya hizo mbili, ya pili ndiyo ifaayo zaidi meza ya marafiki, ambao hukutana kudanganyana kwa ridhaa na kuondoka wakiaminiana.