Chimbuko la Damu ya Puani kwa Farasi wa Mashindano

Tangu karne ya 18, alipokuwako Uingereza yule farasi Bartlett's Childers, ambaye kwa maradhi yake watu walimlakabu Childers Mtokwa-Damu, wafugaji walijua ya kuwa baadhi ya farasi wa mashindano, wamalizapo kwenda shoti, hutokwa na damu katika mianzi ya pua. Na kwa kuwa damu ilionekana puani, wengi wakahukumu kuwa ni ya puani, na hukumu hiyo ikadumu vizazi kwa vizazi.

Maumbile ya mnyama mwenyewe ndiyo yaliyoficha ukweli. Farasi havuti pumzi kwa kinywa, maana kaakaa lake laini hushikamana na kidakatonge hata njia ya chakula ikatengwa na njia ya hewa. Na damu ipandayo kutoka mapafuni, ifikapo koromeoni, aghalabu humezwa, ikaishia tumboni pasipo mtu kuiona. Tena, pande mbili za koo lake pana mifuko ya hewa, ambamo kuvu ikiota juu ya mshipa mkubwa upitao humo, mshipa huweza kupasuka na damu ikatoka puani vile vile. Basi dalili ilikuwa moja, machimbuko mengi, na mtu aliyetazama kwa nje hakuwa na njia ya kuyapambanua.

Mwaka 1974 mtafiti Robert Cook alitoa hoja kwamba damu ya baada ya mbio hutoka mapafuni, lakini hoja hiyo ilihitaji ithibati ya macho. Ithibati ilikuja kwa endoskopu ya nyuzi za kioo, mrija mrefu unaopindika, upelekao nuru ndani ya mwili na kurudisha sura nje. Mwaka 1981 John Pascoe na wenzake wa California waliwachunguza kwa kifaa hicho farasi 235, na ustadi wao ulikuwa katika kuchagua mahali na wakati: mrija haukukomea koromeoni, bali ulishushwa ndani ya bomba la pumzi, na kazi ilifanywa katika muda wa saa mbili baada ya mbio, kabla damu haijasafishika. Wakaikuta kwa farasi 103, yaani takriban 44 kwa mia, ilhali waliotokwa na damu puani walikuwa wachache mno.

Ikabaki kuelezwa sababu. Farasi aendapo shoti, moyo wake husukuma damu kwa nguvu hata kanieneo ndani ya mshipa uendao mapafuni huvuka milimita 90 za zebaki, na kanieneo hiyo huzuiliwa na utando wa vimishipa vya mapafu, ulio mwembamba kupita kiasi, maadamu hewa haina budi kupenya ifike damuni. Mwaka 1993 John West na wenzake walionyesha kwa hadubini ya elektroni jinsi kuta za vimishipa hivyo zinavyopasuka kwa farasi waliokimbizwa. Kwa hiyo nguvu ile ile impatiayo farasi mwendo ndiyo imjeruhiyo, na madhara huonekana zaidi sehemu ya juu ya nyuma ya mapafu.

Siku hizi matabibu hupima damu hiyo kwa madaraja, kuanzia 0, bomba likiwa safi, hadi 4, damu inapolifunika karibu lote na kutuama penye mlango wa kifua. Siku za kuona kwa macho zikishapita, husukutua mapafu kwa maji ya chumvi, wakatafuta ndani yake chembe zilizomeza chuma cha damu ya zamani. Na kipimo hiki kina uzito: mwaka 2005, Kenneth Hinchcliff na wenzake, katika farasi 744 wa Melbourne, waliona ya kwamba wa daraja la 0 na la 1 walikuwa na nafasi ya kushinda mara nne zaidi ya wenye madaraja ya juu.

Kwa hayo yote, mwenye farasi asiridhike kwa kuwa mianzi ya pua ni mikavu, wala asimlaumu uvivu mnyama apunguzaye mwendo kabla hajapitishiwa mrija. Na kwa kuwa damu huweza kukosekana leo ikaonekana mbio zijazo, uchunguzi na urudiwe, maana mnyama asiyeweza kusema maumivu yake anastahiki kutafutiwa ithibati kabla ya kuhukumiwa.