Kimo kwenye kioo cha rada ni kauli ya ndege yenyewe

Kutoka eneo la Ngamiani hadi uwanja wa ndege wa Tanga ni mwendo mfupi wa bodaboda. Ndege ndogo zinazoruka pale kwenda Pemba, Unguja au Dar es Salaam hubeba kifaa ambacho abiria hakioni: transponda. Hicho ndicho kinachomjulisha mwongoza ndege kwamba ndege iko futi ngapi juu. Wengi hudhani kazi hiyo hufanywa na rada. Sivyo, na tofauti hiyo imewahi kugharimu maisha ya watu.

Rada ya msingi hurusha mawimbi ya redio, yakagonga bati la ndege na kurudi. Muda wa kurudi hutoa umbali, na upande ambao antena imeelekea hutoa mwelekeo. Kimo hakimo. Ndiyo maana viwanja vikubwa huwa na rada ya pili, ambayo haisubiri mwangwi bali huuliza na kujibiwa. Swali hutumwa kwa megahezi 1030, kwa mipigo miwili mifupi. Ikiachana kwa mikrosekunde 8, maana yake ni "taja namba yako". Ikiachana kwa mikrosekunde 21, ni "taja kimo chako". Transponda hujibu kwa megahezi 1090. Jibu lina mpigo wa kufungua na wa kufunga, na kati yake kuna nafasi 12 za kuwekewa mipigo, zinazotosha kutoa michanganyiko 4,096.

Kimo chenyewe hutoka kwenye hewa. Ubavuni mwa ndege kuna vitundu vidogo vinavyopitisha hewa tulivu ya nje hadi kwenye kidonge cha bati jembamba kilichozibwa. Ndege ikipanda, mgandamizo wa hewa hupungua na kidonge hutanuka. Kifaa kiitwacho enkoda husoma mtanuko huo na kuugeuza kuwa msimbo, hatua moja kwa kila futi 100. Transponda za kisasa zaidi hutoa hatua za futi 25.

Msimbo huo ulibuniwa kwa uangalifu mkubwa. Tazama kilometa za pikipiki zinapotoka 0999 kwenda 1000: tarakimu zote nne hugeuka kwa pamoja, na moja ikichelewa kidogo, kwa nukta hiyo utasoma namba ya uongo kabisa. Enkoda ingefanya hivyo, mwongoza ndege angeona ndege ikiruka maelfu ya futi kwa kufumba na kufumbua. Kwa hiyo msimbo wa kimo umepangwa ili kutoka hatua moja hadi inayofuata nafasi moja tu ibadilike. Ikisomwa katikati ya mabadiliko, kosa haliwezi kuzidi hatua moja.

Jambo la pili la busara ni kipimo cha kuanzia. Rubani hurekebisha altimita yake, yaani chombo anachosomea kimo, kulingana na mgandamizo wa hewa wa mahali alipo. Transponda haifuati marekebisho hayo. Siku zote huhesabu kutoka hektopaskali 1013.25, kiwango kinachotumika dunia nzima, na kompyuta ya ardhini ndiyo inayoongeza au kupunguza tofauti pale inapohitajika. Karibu na usawa wa bahari, kila hektopaskali moja ni kama futi 30. Rubani akiweka kipimo kisicho sahihi, altimita yake itamridhisha kwamba yuko alikoagizwa, lakini mwongoza ndege ataona namba nyingine na kumuuliza. Joto la pwani yetu nalo hupotosha hesabu kwa futi mia kadhaa kadiri ndege inavyopanda, ila ndege zote zilizo katika anga hiyo hupotoka kwa kiasi kinacholingana, na nafasi kati yao hubaki salama. Kwa kutegemea usahihi huo, tangu Septemba 2008 anga ya juu ya Afrika huruhusu ndege zilizoidhinishwa kupishana kwa futi 1,000 badala ya 2,000.

Matukio mawili ya mwaka 1996 yanaonyesha thamani ya utaratibu huu na mpaka wake. Tarehe 12 Novemba, karibu na Delhi, ndege ya Saudia na ya Kazakhstan ziligongana angani na watu 349 wakafa. Moja iliagizwa ibaki futi 14,000, nyingine ishuke hadi 15,000 na isizidi hapo. Ikazidi. Rada iliyokuwa ikitumika haikuonyesha kimo, na mwongoza ndege alitegemea maneno ya marubani peke yake.

Wiki chache kabla, tarehe 2 Oktoba, ndege ya Aeroperú iliruka usiku kutoka Lima huku vitundu vyake vya hewa vikiwa vimezibwa kwa utepe wa gundi uliosahaulika baada ya usafi. Altimita zilipokosa mantiki, marubani waliomba mnara uwasomee kimo. Wakaambiwa wako karibu futi 9,700. Namba hiyo ilitoka kwenye transponda yao wenyewe, iliyokuwa ikipumua kwa vitundu vilevile vilivyozibwa. Ndege ikagonga bahari, watu wote 70 wakafa. Mwongoza ndege hakusema uongo. Aliwarudishia kauli yao, nao wakaipokea kama ushahidi wa shahidi wa pili.

Ndiyo sababu kanuni za kimataifa humtaka mwongoza ndege alinganishe namba ya kwenye kioo na kimo anachotaja rubani kwa mdomo. Nje ya anga ya juu yenye nafasi ya futi 1,000, zikitofautiana kwa zaidi ya futi 300, rubani huulizwa kuhusu altimita yake, na tofauti isipoisha huagizwa azime taarifa ya kimo.

Tanzania imewekeza katika uwezo huu. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilifunga rada nne mpya, Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, kwa zaidi ya shilingi bilioni 67. Hata hivyo mawimbi ya rada husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na dunia imepinda. Kutoka Dar es Salaam hadi Tanga ni kama kilometa 200 angani. Kwa hesabu ya upeo, ndege iliyo juu ya Ngamiani lazima ifike takriban futi 6,000 ndipo rada ya Dar ianze kuiona. Upande wa Kilimanjaro, milima ya Pare na Usambara imekaa katikati. Ndege inayovuka kwenda Pemba ikiwa chini ya hapo hulindwa zaidi na redio na masikio.

Hata huko chini transponda ina kazi, kwani mitambo ya kuzuia migongano iliyomo katika ndege kubwa huiuliza moja kwa moja. Isiyotaja kimo, mitambo hiyo haiwezi kumshauri rubani apande au ashuke ili kuikwepa. Kwa hiyo kinachostahili kudaiwa na abiria wa Tanga ni matunzo: vitundu vikaguliwe kabla ya kila safari, na enkoda zipimwe kwa ratiba. Marekani hudai kipimo hicho kila miezi 24 kwa ndege zinazoruka kwa kutegemea vyombo. Kumbukumbu za ukaguzi wa namna hiyo zinastahili uzito uleule tunaoupa uzinduzi wa rada, kwa kuwa rada, kwa bei yoyote ile, itaonyesha kimo ilichoambiwa tu.