Kemia ya kaboni ina mzizi na viambishi

Kwa wanafunzi wengi wa sekondari nchini, mlango wa kuingilia kemia ya kaboni, yaani kemia ogania, ni orodha. Kidato cha Tatu hupewa haidrokaboni, Kidato cha Nne alkoholi na asidi zake. Methani, ethani, propani, butani: kariri, andika, sahau. Kisha lawama humwangukia mtoto, eti hana kichwa cha sayansi. Mimi ni mtu wa lugha, na nashikilia kuwa tatizo hili ni la lugha kabla halijawa la maabara.

Hebu tuyatazame majina yenyewe. "Meth-" ni kaboni 1, "eth-" 2, "prop-" 3, "but-" 4. Huo ni mzizi. Kinachofuata ni kiambishi tamati. "-ani" hutuambia kuwa kaboni zimeunganishwa kwa kifungo kimoja kimoja. "-Ini", kwamba mahali fulani vifungo ni viwili. "-Oli", kwamba oksijeni na haidrojeni zimepachikwa zikiwa pamoja. Ethani, ethini, ethanoli: mzizi ni ule ule, mwisho umebadilika, na kitu chenyewe kimebadilika. Kwani hilo lina ugeni gani kwa mtoto aliyechambua pika, pikia, pikwa na pikisha tangu shule ya msingi?

Nauliza nikiiwazia hasa Wajir. Baada ya walimu kuuawa Qarsa mnamo Februari 2018, Tume ya Huduma za Walimu (TSC) iliwahamisha mamia ya walimu wasio wenyeji. Pasipo na mwalimu, orodha ya kukariri haimfai mwanafunzi. Anayejisomea anahitaji kanuni. Akikutana na propanoli, ajue mwenyewe kuwa kaboni ni 3 na kwamba hiyo ni alkoholi.

Mifano nayo tunaichukulia mbali mno. Mafuta ghafi na plastiki havina ubaya, lakini Wajir kuna ngamia. Maziwa yake yanapochacha, bakteria huigeuza sukari iliyomo kuwa asidi laktiki, yenye kaboni 3. Ubani unaofukizwa nyumbani hunukia kwa sababu ya kampaundi za kaboni zinazogeuka mvuke upesi. Mtoto anaingia darasani akiwa na kemia hii puani na kinywani, halafu tunamwambia aanze na kiwanda ambacho hajawahi kukiona!

Wapo watakaosema mtihani ni wa Kiingereza. Ni kweli, na sijaomba ubadilishwe. Naomba dakika kumi za ufafanuzi kwa Kiswahili, na hata kwa Kisomali, kabla ya kurudi kitabuni. Istilahi tunazo: TUKI ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990.

Bila shaka jina halimalizi kazi. Ethani huchemka kwa nyuzi 89 chini ya sifuri, ethanoli kwa nyuzi 78 juu yake. Kiambishi kinamwonyesha mwanafunzi tofauti iko wapi; kwa nini pengo ni kubwa hivyo, ni kazi ya mwanakemia kumweleza. Lakini aliyekwama kwenye jina hatawahi kulifikia swali hilo.