Damu Mbaya au Malezi Mabaya?

Sinema iitwayo Kinshasa Kids, aliyoitengeneza Mbelgiji Marc-Henri Wajnberg mwaka 2012, yafaa kutazamwa na wazazi wa Lubumbashi pia. Yaeleza habari za watoto waliofukuzwa kwao kwa kuitwa wachawi. Mmoja wao, José, ajiunga na wenzake wa barabarani, nao waunda kikundi cha muziki wakisaidiwa na mwimbaji Bebson.

Uzuri wake ni kutuonyesha jinsi mambo yanavyofuatana. Mtoto hakuiba ndipo akafukuzwa. Alifukuzwa kwanza, kisha njaa ikamfundisha wizi. Nasi tukimwona sokoni twamwita shege, twasema: "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Twaihukumu damu yake, na nyumba iliyomtoa hatuiulizi neno.

Je, damu haina kitu? Tusidanganyane: mtoto aweza kurithi wepesi wa hasira, kama arithivyo sura. Lakini wataalamu waliowafuata kwa miaka mingi watoto wa mji wa Dunedin, huko Nyuzilandi, waliandika mwaka 2002 kwamba wavulana wenye jeni ya namna fulani walielekea ujeuri hasa walipokuwa wameteswa utotoni. Wenye jeni ile ile waliotunzwa vema hawakuelekea huko. Wachunguzi waliofuata hawakukubaliana wote, lakini jambo moja ni wazi: urithi peke yake hauamui mwisho wa mtu.

Kasoro ya sinema ni kwamba yakimbilia muziki upesi mno. Ni wachache watakaopanda jukwaani. Lakini wote wahitaji chakula, shule, na mtu wa kuwaita kwa majina yao. Kazi hiyo isiyo na makofi ndiyo waifanyayo Wasalesiani wa Don Bosko hapa kwetu katika nyumba ya Bakanja: kuwapokea watoto wa barabarani, kuwafundisha, na kutafuta njia ya kuwapatanisha na jamaa zao.

Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2009 yamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Lakini askari hawezi kuingia kila nyumba; dhamiri yaweza. Wazazi wapenzi, Bwana wetu alipoulizwa juu ya yule kipofu tangu kuzaliwa, nani aliyekosa, hakumlaumu yeye wala wazazi wake. Alimponya. Nasi tuache kuuliza mtoto ametoka damu gani, tuulize leo amelala wapi.