Umaskini na Nafsi katika Kasri ya Mwinyi Fuad: Ushahidi wa Majina

Uhakiki wa Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), riwaya ya Adam Shafi, umejikita zaidi katika mgogoro wa kitabaka Zanzibar kabla na baada ya Mapinduzi ya 1964. Mtazamo huo ni sahihi, lakini haujitoshelezi: unaeleza jinsi Kijakazi anavyonyonywa, hauelezi kwa nini anamtii bwana anayemdhalilisha.

Sehemu ya jibu imo katika majina. Mwinyi ni mwenye mali na mamlaka. Kijakazi ni mjakazi aliyetiwa kiambishi cha udogo, ki-. Hivyo mwanamke mzima huitwa kwa jina la utumwa na la utoto, naye huliitikia. Kila mwito humkumbusha kipimo chake, hata dhuluma ikaonekana kuwa stahili yake.

Kuuita utii huo ujinga ni kumdhulumu tena. Kwa fukara asiye na mlango mwingine wa kubisha, kuamini wema wa bwana ni namna ya kustahimili. Kwa hiyo, Mapinduzi yaliweza kubadili umiliki wa ardhi kwa amri. Nafsi iliyozoeshwa kujidharau huhitaji muda na lugha nyingine ya kujiita.