Mgema, Sifa na Chupa Iliyofunikwa

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii tumezoea kumtupia mgema, lakini ina neno kwa mnywaji pia: aliyekwisha kushiba sifa hayatambui maji hata yakimfika kooni. Na kama kuna mahali ambapo sifa hutangulia kinywaji, ni Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris, madalali wa mvinyo wa mji huo waliyapanga mashamba bora ya mvinyo mwekundu katika madaraja matano, wakifuata zaidi bei zilizokuwa zikilipwa sokoni. Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion yakawekwa juu kabisa. Tangu hapo daraja hilo la kwanza limeongezewa jina moja tu, Mouton, mwaka 1973. Wamiliki wamekuja na kuondoka, mizabibu imezeeka na kupandwa upya, orodha iko palepale. Kwa hiyo ninapoisifu kazi ya mwonjaji wa mvinyo wa Bordeaux uliokomaa, siusifu ulimi wake. Nasifu ustadi wake wa kuziba masikio.

Lakini kwanza, kuna nini cha kuonja? Mvinyo huu ni mseto. Katika ukingo wa kushoto wa mto Gironde, huko Médoc, unatawaliwa na zabibu za Cabernet Sauvignon, ndogo na zenye ganda nene. Ukingo wa kulia, Pomerol na Saint-Émilion, ni milki ya Merlot, iliyo laini zaidi. Ukiwa mchanga una rangi ya zambarau na ukakasi wa kuukamata ulimi, ukakasi uleule anaoujua kila aliyewahi kuuma bibo. Huo hutokana na tanini za maganda na mbegu, na kidogo na mbao za mwaloni za pipa la lita 225 ambamo mvinyo hulazwa kabla ya kutiwa chupani. Ndani ya chupa, mwaka baada ya mwaka, tanini hushikamana na chembe za rangi, nyingine zikawa nzito mno na kuzama chini kama mashapo. Rangi huelekea damu ya mzee, kisha pembeni mwa glasi ikaanza kufanana na tofali. Harufu ya matunda mabichi hujitenga, na mahali pake huja majani makavu, ngozi, uyoga, mbao za mwerezi, udongo ulionyeshewa. Mabadiliko hayo hayaendi kwa mwendo mmoja. Mavuno ya 1985 yalitoa mvinyo mpole uliovutia mapema. Ya 1986, hasa Médoc, yalitoa mvinyo wenye tanini kali uliohitaji subira ya miaka mingi. Sasa mpe mtu glasi moja ya 1986. Atasema ni mkavu, mgumu, na hatakuwa amekosea, ila hatajua kama ugumu huo ni wa shamba, wa mwaka, au wa kizibo kilichoharibika. Weka pembeni 1985 ya shamba lilelile, na swali la kwanza linaanza kujibika. Weka 1986 ya shamba jirani, na la pili nalo linafunguka. Kizibo ni suala la kufungua chupa nyingine, na hapo ndipo kazi hii inapokuwa ghali. Kilichobaki akilini mwa mwonjaji mwishoni si ladha ya mvinyo bali tofauti kati ya mvinyo na mvinyo, na tofauti ndiyo kitu pekee ambacho kinywa cha binadamu hukipima kwa uaminifu wa kuridhisha.

Wapo watakaosema hata hilo ni kujidanganya, nao hawakuja mikono mitupu. Mwaka 2001, Frédéric Brochet na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya huko huko Bordeaux: wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Miaka saba baadaye Robert Hodgson, profesa mstaafu na mtengenezaji wa mvinyo wa Kalifornia, alionyesha kwamba waamuzi wa mashindano ya jimbo lake, wakipewa mara tatu mvinyo uleule wa chupa ileile bila kujua, ni kama mmoja tu kati ya kumi aliyeweza kutoa alama zinazokaribiana. Watu wengi husoma habari hizi wakacheka na kufunga mjadala. Mimi naziona kama ushahidi mzito wa upande wangu. Zinathibitisha kwamba jicho huitawala pua na kwamba alama inayotolewa kwa glasi moja baada ya nyingine, kwa makumi, ni kitu dhaifu. Waonjaji makini walishalijua hilo kabla ya kuambiwa. Ndiyo sababu kuna glasi nyeusi zinazoficha rangi; ndiyo sababu chupa hufungwa kwa karatasi na kupewa namba; ndiyo sababu kuna jaribio la glasi tatu, mbili zikiwa na kinywaji kimoja na ya tatu kingine, na mwonjaji akatakiwa kuitaja iliyo peke yake. Aliyebuni kufuli hakuwa mtu aliyedhani wezi hawapo.

Mfano mzuri zaidi ni wa Paris, tarehe 24 Mei 1976. Mwingereza Steven Spurrier, aliyekuwa na duka la mvinyo mjini humo, aliwakalisha waamuzi tisa wa Kifaransa mbele ya glasi kumi za mvinyo mwekundu: nne za Bordeaux, sita za Kalifornia zilizotengenezwa kwa mtindo wa Bordeaux. Chupa hazikuonekana. Ulioongoza ulikuwa wa Kalifornia, wa Stag's Leap Wine Cellars wa 1973, ukaupita Mouton wa 1970 kwa tofauti ndogo mno. Watetezi wa Bordeaux walikuwa na hoja, tena ya haki: mvinyo wa Kalifornia huiva haraka, wa Médoc huchelewa, ngojeni miaka ipite. Uzuri wa hoja hiyo ni kwamba inapimika, na kinachoipima ni uvumilivu. Mwaka 2006, baada ya miaka thelathini, mvinyo huo huo ulionjwa tena London na Napa, Kalifornia. Nafasi tano za kwanza zote zilikwenda Kalifornia, ya kwanza kwa Ridge Monte Bello wa 1971, uliokuwa wa tano kule Paris. Sisemi kwamba Kalifornia ni bora kuliko Bordeaux. Chupa kumi haziwezi kubeba hukumu hiyo. Nasema kwamba madai juu ya wakati yalijibiwa na wakati, na hakuna chombo cha maabara ambacho kingeyajibu kwa niaba ya ulimi.

Bado kuna lawama ya fedha, kwamba haya yote ni mchezo wa matajiri. Mvinyo huu ni ghali, ni kweli. Lakini tazama ni nani aliyetapeliwa na Rudy Kurniawan, aliyetiwa hatiani New York mwaka 2013 kwa kuuza chupa bandia za mvinyo wa kale wa Ufaransa, alizojichanganyia nyumbani. Ni matajiri walionunua karatasi ya chupani. Mwonjaji wa chupa iliyofunikwa ndiye adui wa biashara hiyo. Tena, jambo ambalo wengi hulisahau, yeye hatafuti ulevi: huzungusha kinywaji mdomoni, akakitema ndooni, kama wafanyavyo waonjaji wa chai wa Mombasa kabla ya mnada. Msomaji asiyegusa kileo kwa sababu ya dini yake hana haja ya kulegeza msimamo ndipo auelewe ustadi huu.

Anaweza hata kuujaribu. Chukua chai ya pakiti mbili tofauti, zipikwe sawasawa, bila sukari, kwa maji na dakika zilezile. Mwambie mtu amimine vikombe vitatu wewe ukiwa umegeuka, viwili vya pakiti moja na kimoja cha nyingine. Onja, rudia, kisha kitaje kilicho peke yake. Ukikipata mara ya kwanza usijipongeze, kwani bahati tupu ingekupa mara moja katika kila tatu. Rudia mara kumi, uandike kila jibu, na pakiti zifichwe mpaka umemaliza.